Kabla ya Mchujo

Droo ni kesho saa nne, lakini sisi tumeshaichezesha leo,
hapa kwangu, njia ya kwenda Rhino Camp,
ninapoziba pancha kwa shilingi elfu mbili
na maoni ni bure.

Ezaruku anawataka Kitgum.
Kipa wao ana goti bovu, anasema,
alimwona kwa macho yake akishuka basi kinyumenyume
kama mtu anayeingia kisimani.
Fadimula hataki kusikia. Yeye anawataka Masindi,
wanaocheza wazi, wanaofungua nyuma
kama wenye harusi.
"Lakini wanakimbia."
"Sisi tunalala?"
"Sisi tunawapa mpira, Fadimula. Tunawapa mkononi,
tukiwaambia karibuni."

Hapo maneno yakakauka kidogo.

Candiru, wa mihogo ya kukaanga,
akafuta mafuta kwenye kanga, akatoa daftari la madeni.
Kurasa za mbele: nani hajalipa.
Kurasa za nyuma: vijiti, vijiti, vijiti,
kila kijiti ni mpira tuliopokonywa.
Na Nebbi, ishirini na sita, tukashinda.
Na Koboko, thelathini na moja, refa akatuhurumia.
Na Yumbe
akafunika ukurasa kwa kiganja.
Mabao haandiki. Mabao, anasema,
yana watu wengi wa kuyakumbuka.

"Mnachagua mgeni wa kumkaribisha," akasema,
"na mlango wenu hauna komeo."

Nikazamisha tyubu kwenye beseni.
Nikaizungusha polepole, nikiibana,
kipande baada ya kipande, maji yametulia,
mpaka pale karibu na valvu
povu dogo likapanda, moja, moja, bila haraka.
Wote watatu wakaliangalia.
Hakuna aliyeniangalia mimi.

Wanajua. Arua nzima inajua.
Mchujo wa mwaka ule, kule Gulu, dakika ya themanini na tisa,
sare ikitutosha, jezi namba sita mgongoni mwangu.
Kipa akanisogezea mpira. Nilikuwa na nafasi,
nilikuwa na nafasi ya kufunga kamba za viatu.
Sauti ikaniita nyuma, kwa jina,
kwa Kilugbara cha nyumbani: Niachie!
Nikaachia.
Alikuwa wa kwao. Mama yake, nilisikia baadaye,
alizaliwa Vurra.
Hatua tano, wavu.

Kwenye lori hakuna aliyenitukana.
Ningependa wangenitukana.
Tulivuka daraja la Pakwach usiku,
mtu akanipa muhogo, akasema kula,
nikaushika mpaka asubuhi.
Candiru alikuwa msichana wa kuuza maji pembeni mwa chaki,
daftari bado hana.
Nadhani kijiti cha kwanza kabisa
alikichora kichwani, siku ile, kwa ajili yangu,
ingawa sijawahi kumuuliza,
na bei ya muhogo kwangu haijapanda tangu hapo.

Sasa Ezaruku ameanza upya. Tukipata Kitgum
tutacheza nao kwanza ugenini, na goti lile.
Fadimula anachora Masindi mchangani kwa kifuniko cha soda,
huyu hapa, huyu hapa, mpira unapita hapa.
Mwenye baiskeli, mtoto wa darasa la tano,
ananiuliza mimi namtaka nani.

Nakwaruza tyubu kwa msasa. Napaka gundi, napuliza.
Gundi haitaki haraka: ukibandika ikiwa mbichi
utarudi hapahapa kesho ukisukuma.
"Yeyote," namwambia. "Ilimradi yule wetu wa katikati
ageuze shingo kabla hajaupokea."
"Tu?"
"Tu."

Naomba spana namba kumi na tano.
Fadimula, macho kwenye ramani yake ya mchanga,
anainyoosha upande ambao sipo.
Inaanguka, inalia juu ya rimu.

Candiru analamba ncha ya kalamu.
"Moja," anasema.